Vitufe na Dakika: Historia ya Njia za Mkato za Kibodi katika Mitaa ya Eastlands

Mwanzoni mwa karne hii, katika vyumba vidogo vilivyoitwa saiba, kuanzia Kariokor na Shauri Moyo hadi Buruburu, Umoja, Dandora na Kayole, katika eneo la mashariki mwa Nairobi liitwalo Eastlands, kompyuta ilikodishwa kwa dakika, na bei iliyozoeleka sana ilikuwa shilingi moja kwa kila dakika. Saa ndogo iliyokaa pembeni mwa kioo ilihesabu pasi na huruma, na mtu aliyeingia na shilingi ishirini mkononi ili aandike barua ya kuomba kazi alijua fika kwamba kila muda alioupoteza akisukuma kipanya kilichojaa vumbi, akitafuta mahali pa kubofya ili anakili mstari mmoja, ulikuwa ukikatwa katika nauli yake ya kurudi nyumbani. Mtu wa namna hiyo alipofundishwa kubonyeza Ctrl na C, kisha Ctrl na V, alikuwa amepewa akiba ya fedha. Nami nashikilia kwamba hapo ndipo penye kiini cha historia ninayokusudia kuisimulia: njia za mkato za kibodi zilibuniwa mbali na hapa, na watu ambao pengine hawakupata kulisikia jina la Kayole, lakini hazikupata kuthaminiwa kwa kadiri ya ukweli wake ila na watu walioulipia wakati taslimu.

Historia hiyo ni kongwe kuliko kompyuta yenyewe, na mlango wake wa kuingilia Nairobi ulikuwa tapureta. Mji ulipokuwa ukipangwa chini ya utawala wa Waingereza, wafanyakazi Waafrika walitengewa upande wa mashariki. Pumwani ikajengwa katika miaka ya 1920, Shauri Moyo mwishoni mwa miaka ya 1930 baada ya kijiji cha Pangani kubomolewa, Kaloleni katika miaka ya 1940, na baadaye zikafuata Bahati, Mbotela, Ofafa, Jericho na Jerusalem, kila mtaa na nyumba zake za safu na uwanja wake wa watoto. Humo waliishi vibarua wa reli, wapishi, madereva, mafundi, na makarani waliovuka kila alfajiri kwenda ofisini wakiwa wamevaa mashati yaliyopigwa pasi ya makaa. Karani Mwafrika aliandika daftari, akapanga faili, akapeleka barua. Lakini kiti cha mpiga chapa katika ofisi kubwa kilikuwa, aghalabu, cha Wazungu na, chini yao, cha Wahindi na Wagoa, kwa kuwa ngazi ya rangi iliyotawala mishahara na makazi ilitawala pia ni nani aruhusiwe kuigusa mashine.

Ngazi hiyo ilianza kutikisika uhuru ulipokaribia. Mwaka 1961, upande wa pili wa mji, kilifunguliwa Chuo cha Kianda, kilichoanzishwa na wanawake wa Opus Dei, Olga Marlin akiwa miongoni mwao, nacho kiliwapokea wasichana wa rangi zote katika darasa moja kujifunza uhazili: kupiga chapa, hati mkato, na adabu za ofisi. Baada ya 1963, serikali na makampuni yalipohitaji mahazili Waafrika kwa maelfu ya meza zilizokuwa zikiachwa wazi, vyuo vidogo vya taipu viliota katikati ya mji, na wasichana waliomaliza shule katika mitaa ya mashariki walivijaza. Humo walifunzwa jambo moja ambalo naliona kuwa ndilo msingi wa yote yaliyofuata, nalo ni kuandika bila kutazama vitufe. Vidole vinane vikawekwa juu ya safu ya kati, macho yakabaki katika karatasi inayonakiliwa, na mwalimu akashika saa. Kisha akahesabu maneno, akatoa makosa, na cheti kikaandikwa kwa idadi ya maneno kwa dakika. Hivyo dakika ilikuwa imekwisha kuwa mizani ya kazi ya mikono hata kabla ya kuwa bei ya kompyuta.

Tapureta yenyewe nayo ilikuwa na siri yake. Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, Marekani, alipata hataza ya tapureta mwaka 1868, na kampuni ya Remington, iliyokuwa ikitengeneza bunduki, ikaanza kuiuza mwaka 1874. Lakini mashine ile ya kwanza iliandika herufi kubwa tu. Mwaka 1878 Remington walitoa mashine ya pili iliyokuwa na kitufe cha Shift, ambacho kilisogeza gari la mashine linaloshika karatasi, ili mkono mmoja wa chuma uliobeba herufi mbili upige kubwa au ndogo kadiri mwandishi atakavyo. Washindani wao wa mashine iitwayo Caligraph walishika njia nyingine: kila herufi kubwa iwe na kitufe chake na kila ndogo iwe na chake. Mabishano hayo yalihukumiwa hadharani tarehe 25 Julai 1888, mjini Cincinnati, pale Frank McGurrin, mwandishi wa mahakama kutoka Salt Lake City, alipopambana na Louis Traub, bingwa wa Caligraph. McGurrin alitumia Remington, akaandika kwa vidole vyote bila kutazama, akashinda. Wengi hukumbuka siku hiyo kwa sababu ya vidole vya McGurrin, nami sina haja ya kuwapinga. Lakini ndani ya ushindi ule mlikuwamo hoja nyingine, kwamba vitufe vichache vinavyoshirikiana humfaa binadamu kuliko vitufe vingi vinavyojitegemea. Kila mara mtu anaposhikilia kitufe kimoja kwa kidole kidogo na kugonga cha pili kwa kingine, anaifuata hukumu hiyo ya Cincinnati.

Tapureta haikujua kusamehe. Mhazili aliyekosea katika nakala yenye karatasi tatu za kaboni alilazimika kufuta kila nakala peke yake. Na aliyekosea katika stensili, ile karatasi ya nta iliyotumiwa kurudufu matangazo ya makanisa, ya vyama vya maslahi, na ya vyama vya wafanyakazi vilivyokuwa na makao yao katika jengo la Solidarity House, Gikomba, alipaka dawa ya kuziba, akangoja ikauke, kisha akapiga tena juu yake akiomba ikubali. Kazi ya saa moja ingeweza kuharibiwa na kidole kimoja saa kumi na nusu jioni, wakati basi la Makadara linakaribia kuondoka. Nayataja haya kwa makusudi, maana mtu asiyeijua hofu ile hawezi kupima ukubwa wa kile kilichokuja baadaye kwa jina la Ctrl na Z.

Kitufe cha Ctrl chenyewe kilitoka katika nasaba nyingine, ya mashine za simu ya maandishi. Mwaka 1963 wataalamu wa Marekani walikubaliana juu ya utaratibu uitwao ASCII, uliozipa herufi na alama namba kuanzia 0 hadi 127, na namba thelathini na mbili za kwanza zikatengwa ziwe amri kwa mashine badala ya herufi za kusomwa. Ili mwandishi aweze kuzituma amri hizo bila kuongezewa safu nzima ya vitufe, Ctrl iliwekwa iondoe 64 katika namba ya herufi iliyoshikiliwa pamoja nayo: G, ambayo ni 71, ikawa 7, na namba 7 iligonga kengele katika mashine ya mbali, M, ambayo ni 77, ikawa 13, na gari la mashine likarudi mwanzo wa mstari, C, yaani 67, ikawa 3, alama ya kwamba maandishi yamekwisha. Hesabu hiyo ni nyepesi hata mtoto wa shule ya msingi aweza kuifanya, nami naiona kuwa miongoni mwa mambo mazuri yaliyopata kubuniwa katika ufundi wa uandishi, kwa sababu iliipa kila herufi maisha ya pili pasipo kuongeza hata kitufe kimoja cha herufi.

Kompyuta zilipoingia Kenya katika miaka ya 1960, zilikuwa mali ya mashirika makubwa, zikakaa katika vyumba vya baridi, na mkazi wa Eastlands alizijua kwa karatasi ya mshahara tu. Zilimfikia mkononi katika miaka ya 1990, na zilimfikia kupitia vyuo vile vile, au ndugu zao, vilivyokuwa vikifundisha taipu. Tapureta zikasogezwa kando, zikaletwa kompyuta zenye vioo vya rangi moja, na kijana aliyemaliza kidato cha nne akalipiwa na wazazi wake, kwa mkopo au kwa mchango wa ukoo, ili apate cheti cha kozi iliyokuwa na majina ya kuogofya: DOS, WordStar au WordPerfect, Lotus 1-2-3, dBASE. Kipanya hakikuwamo katika masomo hayo, au kilikuwamo kwa nadra. Kila jambo lilifanywa kwa vitufe, na asiyevikariri hakuweza hata kutoka katika programu aliyoingia.

WordStar, iliyotoka mwaka 1978 kwa mikono ya Rob Barnaby, ilimtaka mwandishi ashikilie Ctrl kwa mkono wa kushoto na kutembea katika ukurasa kwa herufi nne zilizopangwa kama almasi: E kupanda, X kushuka, S kwenda kushoto, D kwenda kulia. Kuhifadhi kazi kulihitaji Ctrl na K, kisha S. Mwanzo wa fungu uliwekwa alama kwa Ctrl na K, kisha B, na mwisho wake kwa Ctrl na K, kisha K tena. WordPerfect 5.1 ya mwaka 1989 iliiacha njia hiyo, ikatundika kila amri juu ya vitufe vya F: F7 kutoka, F10 kuhifadhi, F7 pamoja na Shift kuchapisha, F1 kughairi. Kwa vile hakuna aliyeweza kuyashika yote kichwani, kampuni ilitoa ukanda wa karatasi wenye rangi uliolazwa juu ya kibodi. Na ukanda mmoja wa asili, ukitolewa nakala dukani, ulitosha darasa zima. Lotus nayo, programu ya majedwali ya hesabu, tangu mwaka 1983, ilianza kila amri kwa mkwaju: mkwaju, F, S, na faili limehifadhiwa. Wanafunzi waliyaandika hayo katika madaftari, wakayakariri garini na jikoni, kama walivyokariri majedwali ya kuzidisha. Na wako wahasibu wa leo, watu wazima wenye wajukuu, ambao bado vidole vyao huutafuta mkwaju kabla ya akili kuwakumbusha kwamba Lotus imekufa.

Wakati vijana wa Nairobi wakihangaika na mkwaju, jambo kubwa lilikuwa limekwisha kutendeka California. Larry Tesler, aliyezaliwa New York mwaka 1945, alikuwa akifanya kazi katika maabara ya Xerox iliyoitwa PARC, na katika miaka ya 1974 na 1975, pamoja na Tim Mott, alitengeneza programu ya kuhariri iliyoitwa Gypsy kwa ajili ya wahariri wa vitabu. Tesler aliichukia tabia ya programu za wakati ule ya kuwa na hali mbalimbali, ambamo kitufe kile kile huandika herufi sasa na kufuta ukurasa baadaye. Alitaka mtu wa kawaida achague maneno kwanza, kisha aseme la kuyafanya. Ndipo yeye na Mott wakazipanga amri za kukata, kunakili na kubandika katika sura tunayoijua. Alipohamia Apple na kushiriki kuijenga kompyuta ya Lisa, iliyotoka mwaka 1983, zilichaguliwa herufi nne zinazofuatana katika safu ya chini: Z kutendua, X kukata, C kunakili, V kubandika. X inafanana na alama ya kufuta, C ni mwanzo wa jina la amri yake kwa Kiingereza, V inafanana na ile alama ya wasahihishaji inayoonyesha mahali pa kuchomeka neno, na Z ilikuwa jirani yao. Wazo la kutendua lenyewe lilikuwa la wakubwa waliomtangulia, hususan Warren Teitelman, aliyelitia katika mitambo ya lugha ya kompyuta iitwayo Lisp mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Yapasa kusemwa pia kwamba herufi hizo hazikupata ushindi wa mara moja. Mwaka 1987 IBM walitangaza kanuni zao wenyewe: Shift na Delete kukata, Ctrl na Insert kunakili, Shift na Insert kubandika, Alt na F4 kufunga dirisha, F1 kuomba msaada. Windows ilizifuata kwanza, kisha Windows 3.1 ya mwaka 1992 ikazikaribisha zile za Apple, na Ctrl ikachukua nafasi ya kitufe kilichoshikiliwa pamoja nazo katika mashine za Apple. Zile za kale hazikufukuzwa. Hata sasa, katika mashine nyingi, Shift na Insert hubandika, na fundi aliyekuta kitufe cha V kimeng'oka hushukuru. Tesler alifariki tarehe 16 Februari 2020, na naamini kwamba katika mitaa ya Dandora na Umoja siku hiyo kazi yake ilitumiwa mara nyingi mno na watu ambao hawakujua kwamba ilikuwa kazi ya mtu.

Intaneti ilifika Kenya mwaka 1995, na miaka michache baadaye saiba zikaanza kushuka kutoka katikati ya mji kwenda mitaani. Nyingi zilijengwa kwa mitumba. Kompyuta zilizokwisha kutumika katika ofisi za Ulaya zilishushwa Mombasa, zikauzwa Nairobi kwa jina la ex-UK, zikafika Kayole zikiwa na vibandiko vya wenyewe wa kwanza. Kadhalika Computers for Schools Kenya, taasisi iliyoanzishwa mwaka 2002 yenye makao yake Embakasi, ilizitengeneza upya nyingine na kuzipeleka shuleni. Pamoja na mashine zikaja kibodi za Kiingereza cha Uingereza, ambazo alama ya @ imechapwa karibu na kitufe cha Enter, ilhali programu iliyomo ndani imepangwa kwa desturi ya Marekani, ambayo huiweka juu ya 2. Mteja aliyetaka kuandika anwani ya baruapepe alibonyeza alichokiona, akapata alama za kunukuu. Akabonyeza tena, akapata zile zile. Na dakika yake ikaisha. Wahudumu waliandika kwa kalamu juu ya plastiki, au walimnong'oneza mteja abonyeze Shift na 2 asijali kilichoandikwa. Wajuzi zaidi walibonyeza Alt na Shift pamoja, na kompyuta, ikiwa imewekewa mipangilio yote miwili, ikabadili mpangilio papo hapo. Kipanya nacho kilikuwa cha kwanza kufa, kwa kuwa gololi yake ilikusanya uchafu wa mikono mia. Ndipo Alt na Tab ya kuhama dirisha, kitufe cha Windows cha kufungua orodha, na mishale minne vikawa njia ya pekee.

Umeme ulifundisha somo lake peke yake. Mwaka 2000 ukame uliyapunguza maji ya mabwawa ya Mto Tana, na nchi nzima ikagawiwa umeme kwa zamu. Hata zamu zilipokwisha, mitaa ya mashariki iliendelea kuzimikiwa bila taarifa. Mtu aliyekuwa amefika ukurasa wa nne wa pendekezo la mradi wa kikundi chake alibaki ametazama kioo cheusi. Hivyo Ctrl na S, ambayo katika WordStar ilikuwa hatua moja kwenda kushoto tu, ikawa katika saiba za Eastlands kama bismillahi: ilibonyezwa mwanzoni, ikabonyezwa baada ya kila aya, ikabonyezwa tena taa ilipofifia. Nimewaona watu wanaoibonyeza mara tatu mfululizo, ingawa mara moja inatosha, na siwalaumu.

Lipo jambo jingine la enzi ile ambalo lina habari yake. David Bradley, mhandisi wa IBM huko Boca Raton, Florida, alipokuwa katika kundi lililotengeneza kompyuta ya mwaka 1981, alihitaji njia ya haraka ya kuiwasha upya mashine iliyoganda, bila kuizima na kungoja. Alichagua kwanza Ctrl, Alt na Esc, lakini hizo zote zilifikiwa kwa mkono mmoja na zingeweza kugongwa kwa bahati mbaya. Akabadili Esc kuwa Del, ili mikono miwili ihitajike. Ilikuwa siri ya watengenezaji, ikavuja, ikawa ya dunia, na Windows NT ya mwaka 1993 ikaifanya kuwa mlango wa kuingilia. Mwaka 2013, alipohojiwa katika Chuo Kikuu cha Harvard, Bill Gates alikiri kwamba kuitumia kuingilia lilikuwa kosa, na kwamba angependelea kitufe kimoja. Katika saiba, hata hivyo, Ctrl, Alt na Del ilikuwa rufaa ya mteja: mashine ikiganda, saa ya malipo iliendelea kutembea, na aliyejua kuifunga programu iliyokufa kwa mkono wake mwenyewe hakungoja mhudumu amalize kuhudumia wengine.

Nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009, TEAMS mwezi Juni na SEACOM ikaanza kazi mwezi Julai, bei ya intaneti ilishuka, na wengi wakadhani kuwa simu zingeziua saiba. Ziliuawa nyingi. Zilizobaki ziligeuka kuwa ofisi za serikali zisizo na bendera, kwa sababu serikali yenyewe ilihamia mtandaoni: iTax ya Mamlaka ya Mapato, na tangu mwaka 2014 eCitizen, ambamo mtu huomba pasipoti, leseni ya udereva, cheti cha mwenendo mwema. Kituo cha Huduma cha serikali kipo Makadara, lakini mama mwenye kibanda Kayole asiyetaka kupoteza siku nzima humwendea kijana wa saiba jirani, akampa kitambulisho, akaketi kando yake, na kusema, “Nisaidie hapa, kijana wangu.”

Hapo ndipo ustadi wa mahazili wa zamani ulipozaliwa upya, na yeyote anayetaka kuuona na afike katika saiba yoyote ya Umoja siku za mwisho wa mwezi Juni, maana tarehe 30 ndiyo mwisho wa kuwasilisha ritani za kodi, na foleni hutoka mlangoni hadi barabarani. Mhudumu hagusi kipanya. Tab humpeleka katika nafasi inayofuata ya fomu, Shift na Tab humrudisha. Mwambaa wa nafasi hutia alama katika kisanduku. Alt na mshale wa chini hufungua orodha ya kaunti, na kuandika N kunaishusha orodha moja kwa moja kwenye zile zinazoanza na herufi hiyo, badala ya kuzipitia zote arobaini na saba. Namba ya PIN ya mlipa kodi hunakiliwa mara moja, hubandikwa kila inapotakiwa. Mzee asiyesoma vizuri herufi ndogo hukuziwa ukurasa kwa Ctrl na alama ya kujumlisha, akahakikisha jina lake kwa macho yake, kisha Ctrl na sifuri huurudisha ulivyokuwa. Ctrl na F hutafuta jina la mwanafunzi katika orodha ndefu kwa muda wa kupepesa jicho. Ctrl na P huchapisha, na hapo ndipo mteja hutoa mkoba, kwa kuwa karatasi ina bei yake. F5 peke yake huogopwa: ukurasa wa malipo ukiitwa upya waweza kuyatuma malipo mara ya pili.

Katika kazi hiyo umo wajibu ambao nauona hautiliwi mkazo wa kutosha. Kijana yule ameshika nywila ya mama yule, namba ya kitambulisho chake, pengine na mapato yake. Na mteja anayefuata atakalia kiti kile kile. Mwenye saiba mwaminifu hubonyeza Ctrl, Shift na Delete, akafuta kumbukumbu za kivinjari baada ya kila mteja, au hufungua ukurasa wa faragha tangu mwanzo kwa Ctrl, Shift na N. Na anapoinuka kwenda kutafuta chenji hubonyeza kitufe cha Windows na L, ili kioo kijifunge. Lau ningepewa kuchagua somo moja tu la kufundisha kila mkazi wa mitaa hii, ningeacha kunakili na kubandika, ningefundisha vitufe hivyo vya kujilinda, kwa kuwa wakati uliopotea hurudi kesho kwa sura nyingine, lakini jina lililoibwa humsumbua mwenyewe miaka.

Kuna pia watu ambao kwao maneno njia ya mkato hayana maana, kwa sababu vitufe ndiyo njia yenyewe nzima. Asiyeona hana haja na kipanya. Anahitaji programu inayomsomea kioo, kama JAWS, au NVDA, ambayo Waaustralia wawili wasioona, Michael Curran na James Teh, waliitengeneza kuanzia mwaka 2006 na kuitoa bure. Kwa NVDA, H huruka kutoka kichwa kimoja cha habari hadi kingine, K kutoka kiungo hadi kiungo, na F hupeleka kwenye nafasi ya kujaza ya fomu. Katika Kenya, taasisi ya inABLE, iliyoanzishwa na Irene Mbari-Kirika mwaka 2009, ilianzia kazi hiyo katika shule ya vipofu ya Thika. Na wanafunzi wake, wakiandika bila kutazama, wanafanya kwa lazima kile ambacho McGurrin alikifanya kwa mashindano.

Kizazi kinachokuja sasa katika saiba za Kayole na Dandora kilikulia katika simu, na simu haina Ctrl. Kijana anayeweza kuhariri video kwa kidole gumba huketi mbele ya kibodi, akashika kipanya, akatafuta kwa muda mrefu mahali pa kunakilia maneno ya wasifu wake. Na anayemfundisha ni mhudumu yule yule, ambaye huenda alifundishwa na dada aliyefundishwa kwa tapureta. Vitufe vyenyewe vinaendelea kubadilika. Kile cha Windows kiliingizwa katika kibodi mwaka 1994, na kwa miaka thelathini hakikupata mwenzake wa maana, hadi Januari 2024, Microsoft walipotangaza kitufe kipya cha Copilot, cha kuiita akili bandia. Kompyuta zenye kitufe hicho zinatumika sasa katika ofisi za Ulaya. Zitakapochakaa zitauzwa, zitapita Mombasa, na zitashushwa katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, ambako mwenye saiba atakibonyeza mara moja aone kinafanya nini, na atauliza kama kinafanya kazi bila intaneti.